Milima ya Upare na Mambo ya Kutazamwa Huko

Wasikilizaji wetu, wengi wetu tumekwisha kupita Same. Tumepita ndani ya basi liendalo Moshi na Arusha, au literemkalo Dar es Salaam. Tumenunua chai na ndizi, tumetazama vumbi likizunguka barabarani, tumesema, "Loo, nchi hii ni kavu," kisha tukafunga dirisha. Leo twataka kuwaomba mshuke katika basi hilo, mkae nasi siku tatu nne, mpande milima ile ambayo tumezoea kuiona kwa ubavu tu kama mtu aonavyo ukuta wa jirani.

Ni kweli kwamba mji wa Same ni mkavu. Uko mita 860 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni haba, yapata milimita 500 kwa mwaka, na miaka mingine haifiki. Sababu yake ni milima yenyewe. Upepo utokao baharini hupanda mbavu za mashariki, ukapoa, ukaacha maji yake huko juu. Ukifika upande wa magharibi hauna kitu. Basi mtu asimamaye stesheni ya Same kwenye miiba na mibuyu hutazama juu akaona mawingu yamelala juu ya misitu, wala hayashuki kwake. Milima hiyo ni mafungu mawili: Upare wa Kaskazini, yaani Ugweno na Usangi, ambao kilele chake Kindoroko chafika mita 2,113, na Upare wa Kusini, ambao Shengena yake yafika mita 2,462. Tangu mwaka 1979 mafungu hayo yamekuwa wilaya mbili, Mwanga na Same. Hapo kwanza yote ilikuwa wilaya moja, na boma lake Same. Wala msidhani milima hii ni ndugu ya Kilimanjaro kwa kuwa imekaa karibu. Kilimanjaro ni mlima wa juzi, uliotokana na moto wa ardhini. Milima ya Upare ni ya kale sana, nayo ni ya safu moja na Taita, Usambara, Uluguru na Udzungwa.

Tuanze hapo hapo mjini, kabla ya kupanda. Mgeni akiuliza, "Je, Same pana jambo gani la historia?" watu wengi watamjibu kwamba hapana. Ofisi za serikali azionazo ni ofisi kama nyingine. Walakini mbele ya boma la Same, mwezi wa Januari 1945, lilitokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa nchi hii yampasa alijue.

Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, baraza la watawala wa Upare, kwa idhini ya serikali ya Kiingereza, lilianzisha kodi mpya. Zamani kila mwanamume alilipa kodi ya kichwa, kiasi kimoja kwa wote. Kodi hii mpya ilipimwa kwa mali: mtu ana ng'ombe wangapi, ana kahawa kiasi gani, shamba lake lina ukubwa gani. Ikaitwa mbiru, kwa jina la ushuru wa kale waliopelekewa watawala. Kwa mtu akaaye mbali yaweza kuonekana ni jambo la haki, mwenye kingi atoe kingi. Lakini Wapare hawakuulizwa, wala hawakuambiwa kinagaubaga ni nani atakayepima na kwa kipimo gani. Mtu alijiona amehesabiwa nyumbani mwake na mtu asiyemwamini. Basi maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakakusanyika Same, wakakaa mbele ya boma. Hawakuja na mikuki. Walisema wako tayari kulipa kodi ya zamani, illa mbiru hawaitaki. Wakakaa miezi, na huko nyuma mashamba yakabaki mikononi mwa wake zao.

Nao wanawake hawakunyamaza. Yasimuliwa kwamba wanawake wa Usangi walimwendea mtawala Mwingereza, wakamwambia achague moja kati ya mawili: ama amalize shauri hili ili waume zao warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awe mume wao wote. Twacheka tukisikia maneno hayo, lakini siku ile hayakuwa mzaha. Yalikuwa ni hesabu ya watu waliochoka kulima peke yao. Haikupita miaka mingi, serikali ikaiondoa kodi ile. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare mwenyewe, aliandika kitabu juu ya shauri hilo, kikachapwa mwaka 1971. Mwanafunzi akikipata na akisome kabla ya kwenda Same, kisha asimame uwanjani pale. Ataona kwamba mahali pa historia si lazima pawe na ngome au mnara. Pengine ni uwanja mtupu wenye mavumbi, ambao watu walikataa kuondoka.

Karibu na hapo ipo reli. Wadachi, ndio Wajerumani, walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, nayo ilifika Moshi mwaka 1911. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kutoka Kahe kwa kufuata reli hiyo na mto Pangani, na Wadachi wakirudi nyuma mbele yao chini ya milima hii. Waafrika wengi mno walichukuliwa kubeba mizigo ya pande zote mbili katika vita ile, na wengi wao hawakurudi kwao. Treni ya abiria iliacha kupita njia hii kwa miaka mingi, ikarejea mwaka 2019.

Sasa tupande. Kutoka Same njia hupita Mwembe, kisha hujipinda ikapanda kwenda Mbaga. Tungewashauri wenye vichwa vyepesi wakae upande wa mlimani, si upande wa bonde. Kadiri gari lipandavyo hewa hubadilika: miiba yaisha, migomba yaanza, kahawa yatokea chini ya kivuli chake, na mtu aliyevaa shati moja huanza kujuta. Nyumba zimejengwa juu ya vijukwaa vya ardhi vilivyochimbwa ubavuni, na kila kijito kina kazi yake.

Mbaga pana kanisa la Kilutheri la tangu zamani za Wadachi. Mmisionari Jakob Dannholz aliishi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, akajifunza Chasu, ndiyo lugha ya Wapare, akaandika desturi za watu aliowakuta. Kitabu chake kilipigwa chapa Leipzig mwaka 1916. Twakitaja kwa sababu mtu huyu alikuja kuzibadilisha desturi zile, na hata hivyo yeye ndiye aliyeziandika. Na leo mjukuu wa Mpare akitaka kujua babu yake alifanya nini hana budi pengine kumwuliza mgeni yule. Wasabato nao walikuwa wametangulia: wamisionari wao wawili kutoka Ujerumani walifika Giti, katika Upare wa Kusini, mwaka 1903, wakapaita mahali pao Friedenstal, maana yake Bonde la Amani. Ndicho kituo chao cha kwanza katika nchi yote ambayo leo ni Tanzania.

Wenyeji wa Mbaga huwaonyesha wageni mapango ya Mghimbi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilipita chini ya milima hii ikielekea Kilimanjaro na kurudi pwani, na Gonja palikuwa mahali pa kupumzikia na kununua chakula. Palipo na njia ya biashara ya watu, hapana mtu alalaye vema. Wazee husimulia kwamba wawindaji watumwa walipopanda, watu wa Mbaga walijificha katika mapango haya pamoja na watoto wao. Ukiingia ndani, inama, kaa kimya kidogo, ufikiri ingekuwaje mtoto akilia.

Upo pia mwamba uitwao Malameni. Hapo twasema kwa adabu, kwa maana jambo lenyewe si la kufurahisha. Yasimuliwa kwamba zamani watoto waliohesabiwa kuwa na mkosi, kama kigego aliyeota meno ya juu kwanza, waliletwa hapo wauawe, na kwamba desturi hiyo haikukoma kabisa mpaka miaka ya 1930. Wako watu waonao kwamba mwamba huo haufai kuonyeshwa, maana waaibisha nchi. Sisi hatuoni hivyo. Nchi zote zina miamba yake ya namna hii; zilizo nyingi zimeifukia tu. Afadhali mtoto aambiwe na mzee wa kwao, kwa sauti ya huzuni, kuliko kuambiwa na mtu wa mbali amchekaye.

Basi twafika kwenye jambo ambalo lilitupatia fedheha sisi wenyewe. Katika Upare, katikati ya mashamba, utaona mara kwa mara kichaka cha miti mikubwa sana, kimesimama peke yake kama kisiwa. Hicho chaweza kuwa mpungi, yaani msitu mtakatifu wa ukoo, ambamo wazee waliomba na kutambikia, na mafuvu ya wazee wa ukoo yaliwekwa humo. Au chaweza kuwa mshitu, ambamo vijana waliingizwa jandoni na kufundishwa mambo ya utu uzima. Katika misitu hiyo haikuruhusiwa kukata mti, wala kuokota kuni, wala kuingia bila ruhusa.

Siku moja tulipokuwa tukitembea na wanafunzi, mvua ilitushika, tukakimbilia chini ya miti ya namna hiyo bila kuuliza. Mwanafunzi mmoja akavunja tawi apate fimbo. Mara akatokea mzee mmoja kutoka shambani, hana hasira usoni, akatuamkia kwa heshima, akasema, "Wanangu, kwenu mtu huingia nyumbani mwa watu bila kubisha hodi?" Tukamwambia hatukuona mlango. Akasema, "Aliyewapa mvua ya kunyeshewa ndiye aliyewapa macho." Tukatoka, tukanyeshewa mpaka tukamaliza kuomba radhi. Baadaye alitueleza mambo mengi. Yeye mwenyewe ni mtu wa kanisa, hatambiki. Lakini alisema chemchemi inywesheayo nyumba kumi na mbili yatoka chini ya mizizi ya miti ile, na tangu mpungi mmoja wa ng'ambo ukatwe na watu wapanue shamba, kijito cha huko hutoka masika tu.

Hapa pana shauri zito. Hofu iliyoilinda misitu hii imepungua, kwa kuwa vijana wengi ni Wakristo na Waislamu, na ardhi ni haba. Sheria ya serikali haiwezi kuweka askari chini ya kila kichaka. Basi ikiwa hofu imeondoka na askari hayupo, ni nini kitakachoilinda? Mzee yule alisema kwamba wageni wakija kutazama na kuuliza kwa adabu, vijana wa kijiji huanza kuuliza nao. Ndiyo maana twawaambia nendeni. Lakini bisheni hodi, tafuteni mwenye ukoo, na fimbo zenu mchukue nyumbani.

Shengena tutaipitia upesi, si kwa kuwa haina maana, bali kwa kuwa ukungu ulitufunika siku nzima tukaona viatu vyetu tu. Msitu wa hifadhi ya Chome wazunguka kilele hicho. Humo umo mkulo, mti mkubwa ambao mbao zake hunukia, nao uliteswa sana na wapasua mbao. Humo pia yumo ndege mdogo wa rangi ya manjano na kijivu, mwenye duara jeupe machoni, asiyeonekana mahali pengine duniani ila Upare wa Kusini. Chukueni kiongozi, chukueni na nguo nzito, kwa maana baridi ya Shengena haiamini kwamba ninyi mmetoka Same.

Jambo la tatu, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, halimo katika picha za wageni. Ni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa na kuzungushiwa ukingo wa udongo na mawe, karibu na mashamba, na mfereji huleta maji ya kijito mpaka humo. Mwaweza kuona moja liitwalo Manoo katika kijiji cha Bangalala, upande wa Vudee na Makanya. Mtu asiyejua hulipita akidhani ni mahali pa kunyweshea ng'ombe. Lakini tazameni akili iliyomo. Kijito cha kiangazi ni chembamba. Ukiyaachilia maji yake shambani moja kwa moja, ardhi kavu huyanywa kabla hayajafika kwenye mmea wa tatu. Basi usiku, watu wamelala, kijito hujaza ndiva polepole. Asubuhi tundu lazibuliwa, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu, yakafika mwisho wa mfereji. Kwa hiyo usiku nao hufanya kazi ya kulima.

Wala si ufundi wa udongo tu, ni ufundi wa watu. Maji hugawanywa kwa zamu. Kila mwenye shamba ajua siku yake. Tope likijaa, watu wote huitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyekuja hutozwa faini. Zamani ndiva zilikuwa mali ya koo, na mzee wa ukoo ndiye aliyegawa. Ugomvi upo, hatuwezi kuficha. Walioko juu wakizuia maji mengi, walioko chini huona mchanga. Na kule Makanya tambarare wakulima hungojea mafuriko ya mvua wayaelekeze mashambani mwao, kwa maana maji mengine hayawafikii. Watu wakiongezeka juu, ugomvi huongezeka chini. Sisi tulikaa ukingoni mwa ndiva tangu alfajiri, tukaona mwanamke mmoja ambaye siku yake ilikuwa ndiyo ile, jembe begani, akingoja tundu lizibuliwe. Maji yalipotoka alitembea sambamba nayo mferejini mpaka shambani kwake, huku akiondoa majani kwa mguu, kama mtu amsindikizaye mgeni asipotee.

Upande wa pili wa milima, mashariki, iko Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo lango lake la Zange halipo mbali na mji wa Same. Wenyeji husema jina hilo latokana na maneno ya Kipare, mko, ndicho kijiko kidogo cha mti, na mazi, ndiyo maji: maji yasiyojaa kijiko. Ilifanywa kuwa pori la akiba mwaka 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2006. Yapakana na Tsavo ya Kenya, na ndovu hawajui mpaka. Vifaru weusi waliokuwa wamemalizwa na majangili waliletwa tena kutoka Afrika ya Kusini kuanzia mwaka 1997, wakazungushiwa ua madhubuti, na mbwa mwitu wakazalishwa humo. Haya ni mambo ya kusifiwa. Ila mtu aendaye kutazama na ajue pia kwamba mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakilisha humo, Wamasai na Waparakuyo na Wapare, waliondolewa, na shauri lao lilikwenda mahakamani miaka mingi. Tulipofika langoni tulikutana na kijana mmoja akichunga mbuzi nje ya mpaka. Tukamwuliza kama amepata kuona kifaru. Akasema bado, lakini baba yake aliwaona wengi, bila tiketi.

Tumalizie kwenye ziwa. Chini ya Upare wa Kaskazini, mpakani mwa Kenya, liko ziwa Jipe, dogo, la kina kifupi. Mto Lumi hulijaza kwa maji ya Kilimanjaro, na mto Ruvu hutoka humo ukashuka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na maji ya mashamba, kisha Pangani hadi baharini. Perege wa Jipe ana sifa. Lakini matete yamekula kingo zake. Mchanga utokao milimani, palipokatwa miti, umelifanya ziwa kuwa jembamba mwaka hata mwaka, na wavuvi hupasua njia katikati ya matete kwa kusukuma mtumbwi na upondo.

Tuliingia mtumbwini jioni, wanafunzi wawili wawili. Viboko walikoroma mahali tusipopaona, na mvuvi akatuambia tunyamaze. Tulipotoka penye matete tukafika penye maji meupe, tukageuka nyuma, tukaiona milima yote ya Ugweno imesimama na mawingu yake. Mwanafunzi yule aliyevunja tawi akauliza kama maji haya tuliyomo ni maji yale yale ya milimani. Mvuvi akamjibu, "Mengine ni ya Kilimanjaro. Lakini tope, mwanangu, tope ni la kwenu."